Adabu za kuomba sarafu benki: nifanyeje nisiwe mzigo kwa makeshia?

Mkusanyaji Mchanga aliuliza:

Ndugu wakusanyaji, salaam kwenu nyote.

Nimeingia katika ukusanyaji wa sarafu miezi minane iliyopita, na njia niliyoichagua ni ile ambayo wengi wenu mnaifahamu: ninakwenda benki, ninabadilisha noti kwa vibunda vya sarafu, yaani sarafu za aina moja zilizofungwa pamoja kwa karatasi, ninavifungua nyumbani na kuzichambua sarafu moja baada ya nyingine nikitazama mwaka, alama ya kiwanda na kasoro za upigaji chapa, kisha zile nisizozihitaji ninazirudisha. Sina uwezo wa kununua sarafu adimu kwa wafanyabiashara, na hata ningekuwa nao, nadhani ningeendelea hivi hivi, kwa sababu furaha ya kuiona sarafu ya zamani ikijitokeza katikati ya nyingine, ukingo wake ukiwa na rangi tofauti kidogo, sijaipata kwingine.

Jambo linalonisumbua ni hili. Wiki mbili zilizopita nilipeleka mfuko wa sarafu nilizokwisha kuzichambua. Ilikuwa mwisho wa mwezi na foleni ilikuwa imefika mlangoni, lakini hilo sikulitia maanani. Keshia alizimimina katika mashine ya kuhesabia, na kabla ya dakika moja kupita mashine ilikwama, ikalia, ikasimama. Alifungua kifuniko, akaingiza vidole viwili na kutoa kipande cha karatasi ya kibunda kilichokunjamana, chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ambacho bila shaka yoyote kilitoka mikononi mwangu. Hakunigombeza. Alikiweka juu ya kaunta mbele yangu, akaanza kuhesabu upya tangu mwanzo, huku watu waliokuwa nyuma yangu wakishusha pumzi kwa sauti. Nimekuwa nikiona haya tangu siku hiyo, na sijakanyaga tena katika tawi lile.

Kwa hiyo ninaomba mnielimishe. Ni siku gani na saa gani zinazofaa? Ninapaswa kumweleza keshia ninachokifanya, au niombe sarafu tu na kunyamaza? Sarafu nilizozichambua nizirudishe palepale nilipozichukua, au kwingine? Na kibunda kikipungua sarafu moja au mbili, ni haki yangu kudai, au huko ni kuwasumbua watu kwa jambo dogo? Sitaki kuwa mtu ambaye makeshia wakimwona anaingia, wanatazamana.

---

Keshia Mstaafu alijibu:

Ndugu Mkusanyaji Mchanga, nilikaa nyuma ya dirisha la benki kwa miaka kumi na tisa kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa upande wa pili wa kioo. Kwanza nikuondolee wasiwasi: keshia aliyekitoa kile kipande cha karatasi amekwisha kukisahau. Mashine hukwama kwa sababu ya vifungo vya nguo, pini, sarafu zilizopinda na hata gundi ya watoto. Alichokikumbuka, kama amekumbuka chochote, ni iwapo ulimwomba radhi au uliondoka kimyakimya. Kama uliondoka kimyakimya, bado hujachelewa. Rudi siku ambayo hakuna watu, sema maneno mawili, na yataisha.

Sasa nieleze jambo ambalo wakusanyaji wengi hawalioni kutoka upande wenu. Kwa benki, sarafu ni mali nzito yenye thamani ndogo. Chukueni mfano wa Marekani, ambako mchezo huu wa kuchambua vibunda umeenea sana: sanduku la robo dola lenye thamani ya dola 500 lina sarafu 2,000, na kwa kuwa kila moja ina uzito wa gramu 5.67, sanduku zima linazidi kilo 11. Dola 500 za nusu dola ni sarafu 1,000 za gramu 11.34, na uzito unakuwa uleule. Mzigo huo hufika kwa gari la kusafirishia fedha, ambalo benki hulilipia. Hupokewa na watu wawili, husainiwa, huingizwa kwenye sefu, kisha siku unayofika wewe, mtu huinama na kuuinua kwa mikono yake. Noti za kima hichohicho zingeingia katika bahasha ndogo. Benki hubeba gharama hiyo kwa ajili ya wateja wake, na hasa wafanyabiashara wanaohitaji chenji kila asubuhi ili waweze kufungua milango yao. Mkusanyaji anapoomba sarafu, anaomba sehemu ya huduma iliyowekwa kwa ajili ya watu wengine, na kila adabu nitakayoitaja hapa inatoka katika jambo hilo moja.

Ndiyo maana jambo la kwanza ni kuwa mteja wa benki unayoiomba. Fungua akaunti, hata iwe ndogo, na uitumie kweli. Mtu asiye na akaunti ambaye anaingia na kutaka sanduku zima anaweza kukataliwa, na hana sababu ya kulalamika, kwa kuwa benki haina wajibu wowote kwake. Ukihitaji vibunda viwili au vitatu, omba dirishani na upokee jibu lolote utakalopewa. Ukihitaji sanduku, agiza mapema, kwa sababu matawi mengi huagiza sarafu kwa siku maalumu za wiki. Na ukishaagiza, nenda ukachukue siku uliyoahidi. Nilikuwa na mteja aliyeagiza masanduku manne kisha akapotea. Masanduku yale yalikaa sakafuni mwa sefu kwa mwezi mzima, tukiyaruka kila tulipoingia, na hatimaye ikabidi benki ilipie gari la kuyarudisha. Aliyeagiza baada yake, ambaye hakuwa na kosa lolote, alikataliwa na meneja kwa sababu ya yule.

Kuhusu wakati, epuka mwisho wa mwezi, siku za mishahara, siku inayotangulia sikukuu, saa ya kwanza baada ya kufungua, saa ya chakula cha mchana ambapo madirisha hupungua, na nusu saa ya mwisho ambapo kila keshia anafunga hesabu ya droo yake. Katikati ya wiki, katikati ya asubuhi, ndio wakati mtulivu kuliko wote. Na hata wakati huo, ukiona watu wanaingia nyuma yako, mwambie keshia awahudumie kwanza, wewe utasubiri. Sentensi hiyo moja itakufungulia mengi kuliko zawadi yoyote.

Suala la droo linahitaji uangalifu. Wengi wenu hupenda kuuliza kama keshia ana sarafu za zamani au za ajabu zilizobaki kwenye droo yake. Hilo si kosa. Nchini Marekani, kwa mfano, nusu dola hazitumiki sana madukani, na droo nyingi hazina hata kisanduku chake, hivyo keshia akipokea moja huiweka pembeni na hufurahi akipata mtu wa kuichukua. Lakini uliza baada ya shughuli yako kumalizika, uliza mara moja, na usiiname juu ya kaunta ukachungulia au kuonyesha kwa kidole ndani ya droo. Droo ile ni dhamana ya keshia. Jioni ikipungua hata sarafu moja, yeye ndiye anayebaki kutafuta wakati wenzake wanavaa makoti. Kamera iliyo juu yake pia inaona mkono wako, na haijui kwamba unapenda sarafu.

Kuhusu kurudisha, uliza kabla ya kuleta. Tawi moja linataka sarafu zikiwa huru kwa sababu lina mashine. Jingine halina mashine na linataka zifungwe katika vibunda vilivyojaa, vimeandikwa namba ya akaunti yako. Ukileta kinyume cha wanavyotaka, umewapa kazi ya saa nzima. Zimwage kwanza nyumbani juu ya kitambaa cheupe, toa karatasi, toa sarafu za nchi nyingine, toa zilizopinda, kisha zitie katika mfuko msafi.

Katika miaka yangu yote nilimpenda sana mteja mmoja, mwalimu mstaafu aliyekusanya sarafu kwa namna hii hasa. Alileta sarafu zake katika vifuko vya kitambaa alivyovishona mwenyewe, kila kifuko na kikaratasi chenye aina ya sarafu, idadi na tarehe, kwa mwandiko wa ubaoni. Kwa miaka sita hesabu yake ilikosea mara moja tu, kwa sarafu moja, na kesho yake asubuhi alirudi nayo mkononi. Ilikuwa imedondokea chini ya kiti chake. Sikumbuki kama aliwahi kutuletea chochote kingine, lakini alipoagiza sanduku, hakuna aliyenung'unika kuinama kulinyanyua.

---

Mpekuzi wa Vibunda alijibu:

Ninaungana na Keshia Mstaafu karibu katika yote, na ninamshukuru kwa kutuonyesha upande ambao sisi hatuuoni. Nimefanya kazi hii kwa miaka ishirini na mbili, na ningependa kujibu maswali mawili ambayo hakuyagusa.

La kwanza ni mahali pa kurudisha. Wakongwe wote walionifundisha walinipa kanuni ileile: unapochukua usirudishe. Chukua sarafu katika benki moja na uzirudishe katika benki nyingine. Sababu moja ni ya kwako mwenyewe, kwamba ukirudisha palepale, wiki ijayo utauziwa vibunda vyako mwenyewe na kupoteza jioni ukichambua ulichokwisha kukichambua. Sababu nyingine ni ya benki. Tawi lililoagiza sarafu kwa ajili yako limelipia usafiri wa kuzileta. Ukizirudisha zote siku tatu baadaye, sefu inajaa upya na tawi linalipia tena usafiri wa kuziondoa. Ukifanya hivyo mara tatu mfululizo, mtu yeyote mwenye akili ataona kwamba unaizungusha benki bila faida.

La pili ni kama uwaeleze unachokifanya. Hapa wakusanyaji wamegawanyika. Wapo wanaosema unyamaze, kwa hofu kwamba makeshia wakijua thamani ya sarafu za zamani watazichukua wao. Mimi nimesema ukweli tangu siku ya kwanza na sijajuta. Mtu anayeomba sarafu nyingi kila wiki bila kuwa na duka huzua maswali, na njia ya mwongo ni fupi: ukisema una duka la kufulia nguo, siku moja utaulizwa liko wapi. Sema tu, "Mimi ni mkusanyaji, ninatafuta sarafu za miaka ya zamani." Mara nyingi keshia hutabasamu, na wengine huanza kukusimulia kuhusu mkebe wa sarafu wa bibi yao.

Najua wapo ambao dhamiri inawasuta kwa kupata, kwa thamani iliyoandikwa juu yake, sarafu ambayo madini yake yana thamani kubwa zaidi. Sarafu za Marekani za dime (senti kumi), robo dola na nusu dola zilizotengenezwa kwa ajili ya matumizi ya kawaida hadi mwaka 1964 zina asilimia 90 ya madini ya fedha, na nusu dola za miaka ya 1965 hadi 1970 zina asilimia 40. Zile za senti tano za wakati wa vita, kuanzia mwishoni mwa 1942 hadi 1945, zina asilimia 35. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Benki ilizipokea kwa thamani iliyoandikwa juu yake, inazitoa kwa thamani hiyohiyo, na hesabu yake inabaki sawa hadi senti ya mwisho. Hakuna aliyedhulumiwa. Dhuluma ingekuwapo kama ungemdanganya keshia aliyekuuliza, au kama ungemshawishi abadilishe sarafu za wateja kwa siri kinyume cha taratibu za kazi yake. Keshia akikuuliza unatafuta nini, mwambie, hata umwonyeshe namna ya kuutazama ukingo: sarafu ya fedha ina ukingo mweupe mtupu, wakati ile ya shaba iliyofunikwa kwa nikeli inaonyesha mstari mwekundu katikati. Akiamua kuzinunua mwenyewe kwa ruhusa ya mkubwa wake, ni haki yake, kwa kuwa alizitangulia kuziona.

Sijui kwa nini wengine wana tabia ya kuchora alama kwenye sarafu zenyewe kwa kalamu ya wino mzito ili wazitambue zikirudi. Kuandika herufi ndogo kwenye karatasi ya kibunda hakumdhuru mtu. Kuipaka sarafu wino ni kuharibu mali ambayo kesho itakuwa mkononi mwa mtu mwingine, na labda mwa mkusanyaji mwenzako.

Na tafadhali, msigawanye miamala mikubwa ili kukwepa fomu. Marekani ina sheria ya tangu mwaka 1970 kuhusu taarifa za fedha taslimu, na kiasi kinachozidi dola 10,000 kwa siku hutolewa taarifa. Kukivunja kiasi hicho vipandevipande kwa makusudi ya kukwepa taarifa ni kosa hata kama fedha zenyewe ni halali kabisa. Nchi nyingine zina viwango vyao. Ukiombwa kujaza fomu, jaza. Ni dakika tano.

---

Keshia Mstaafu aliongeza:

Mpekuzi, maneno yako ni mazuri, lakini kuhusu kanuni ya "unapochukua usirudishe" ninaomba nipinge kidogo. Kanuni hiyo inalilinda tawi la kwanza na kulitwika mzigo tawi la pili. Niliwahi kuwa katika tawi la pili. Kulikuwa na mtu ambaye hatukumwona isipokuwa alipokuja na mifuko ya sarafu, hakuwa na shughuli nyingine yoyote kwetu, na mashine yetu ilikuwa ikihesabu takataka za benki nyingine wakati mama mwenye mtoto mgongoni anasubiri. Kama mnarudisha kwingine, basi huko kwingine nako muwe wateja wa kweli, mpeleke kidogo kidogo, na mzunguke, ili tawi moja lisibebe yote. Panapokuwa na mashine ambayo mteja huitumia mwenyewe, itumieni hiyo, na kama inakata ada, ilipeni bila kinyongo. Hiyo ndiyo bei ya raha yenu.

---

Mpekuzi wa Vibunda alijibu:

Nimekubali, na ninaona kwamba kanuni niliyofundishwa ilikuwa nusu tu. Nitaisema hivi kuanzia leo: usirudishe unapochukua, na usirudishe mahali ambapo wewe si kitu ila mzigo.

---

Jicho la Sonara aliuliza:

Samahani kwa kuingilia kati. Hivi ni vibaya kuwapelekea makeshia zawadi mwishoni mwa mwaka? Mimi nimekuwa nikipeleka boksi la biskuti kwa tawi zima, na mara moja nilimpa keshia mmoja sarafu ya fedha kama shukrani, kwa kuwa ndiye aliyeniwekea vibunda vizuri.

---

Keshia Mstaafu alijibu:

Biskuti kwa tawi zima, zikiwekwa wazi mezani na kuliwa na wote pamoja na mlinzi, hazina ubaya katika benki nyingi, ingawa ni vyema kumuuliza meneja kwanza. Ile sarafu kwa keshia mmoja ningekusihi usirudie. Benki huwa na taratibu kuhusu zawadi kwa wafanyakazi, na kitu chenye thamani kinachotolewa kwa mtu mmoja kwa sababu "aliniwekea vibunda" kinaweza kumgharimu kazi yake, hata kama wewe ulikusudia wema mtupu. Mkiona keshia amewatendea vizuri, andikeni barua fupi kwa meneja wake na mlitaje jina lake. Barua hiyo huingia katika faili lake. Mimi nilipata mbili katika miaka kumi na tisa, na ninazo hadi leo.

---

Binti Mizani alijibu:

Nimesoma yote kwa makini, na ningependa kuongeza mambo mawili kutoka katika uzoefu wangu, maana mifano mingi hapa imekuwa ya vibunda, wakati ziko nchi ambazo sarafu hutolewa na kupokewa katika vifuko vya plastiki.

Uingereza ni mfano mzuri. Kila kifuko kina kiasi maalumu: pauni moja kwa sarafu za peni moja au peni mbili, pauni tano kwa peni tano au peni kumi, pauni kumi kwa peni ishirini au peni hamsini, na pauni ishirini kwa sarafu za pauni moja au mbili. Keshia hazihesabu. Huzipima kwa mizani, na mizani hiyo haisamehi: kifuko cha peni mbili kina sarafu 50 za gramu 7.12, yaani gramu 356, kwa hiyo sarafu moja ikipungua, inaonekana mara moja. Kwa mkusanyaji, maana yake ni kwamba kila sarafu unayoitoa lazima uirudishie nyingine ya aina ileile kabla kifuko hakijarudi benki. Mimi huweka bakuli la sarafu za kawaida pembeni ya mkono wangu wa kulia. Nikitoa moja, mkono huohuo unachukua nyingine bakulini na kuitia kifukoni, kabla sijaanza kuifurahia niliyoipata. Nimejizoeza hivyo kwa sababu furaha husahaulisha. Siku nilipoipata peni hamsini ya Kew Gardens, ile bustani ya mimea ya London, ya mwaka 2009, ambayo zilitengenezwa 210,000 tu kwa ajili ya matumizi ya kawaida, niliruka kutoka kitini, na kifuko kile nilikipeleka benki kikiwa na sarafu 19. Keshia alikiweka juu ya mizani, akanitazama, akakirudisha kwangu bila neno.

Jambo la pili ni zito zaidi kwangu, nalo ni kujua wakati wa kuacha. Mwezi Juni mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Benki Kuu ya Marekani ilianza kuyapa mabenki sarafu kwa mgao. Sarafu zilikuwapo nchini, tena nyingi, lakini mzunguko wake ulikuwa umezorota: maduka mengi yalikuwa yamefungwa, watu wamekaa majumbani, na sarafu zao zimekaa nao katika mikebe. Madukani watu waliombwa walipe bila kuhitaji chenji. Katika wakati kama huo, mkusanyaji anayekwenda dirishani kuomba sanduku zima anamnyang'anya mwenye duka chenji yake ya asubuhi, hata kama keshia ana haya ya kumkatalia. Wakati huo jambo la kiungwana lilikuwa kufanya kinyume, yaani kuzipeleka benki sarafu zote za kawaida ulizokuwa umezilimbikiza nyumbani. Wapo waliofanya hivyo, wapo pia waliolalamika kwamba makeshia wamekuwa wagumu. Ningependa sana wale wa kundi la pili wasome alichokiandika Keshia Mstaafu hapo juu kuhusu magari na sefu.

Kwa swali la vibunda vinavyopungua, maoni yangu ni haya. Kibunda kilichofungwa na mteja mwingine kwa mkono kikipungua sarafu moja, lichukulie kuwa gharama ya ukusanyaji, kwa sababu keshia hana njia ya kujua ni nani aliyekipunguza, wala hana njia ya kujua kama si wewe. Ukishakivunja, ushahidi umekwisha. Kikiwa kimejazwa kitu kingine kabisa, kama vile vipande vya chuma au sarafu ndogo katikati na kubwa mbili kwenye ncha, kipeleke na karatasi yake siku hiyohiyo, ueleze kwa upole na kwa faragha, ukijua kwamba huenda usilipwe, lakini benki itataka kujua kwamba kuna mtu anayefanya hivyo.

---

Mkusanyaji Mchanga aliandika:

Ndugu zangu, sina maneno ya kutosha ya kuwashukuru. Nilimsikiliza Keshia Mstaafu na kurudi katika tawi lile Jumatano, yapata saa nne na nusu asubuhi. Palikuwa na wateja wawili tu. Keshia alikuwa yuleyule. Nilimwambia, "Mimi ndiye niliyeleta karatasi ndani ya sarafu mwisho wa mwezi, nimekuja kukuomba radhi," naye alinitazama kwa muda kama anayejaribu kukumbuka, kisha akasema kwamba mashine ile ni ya zamani na ina tabia zake. Nikamweleza kwamba mimi ni mkusanyaji. Aliniuliza kama sarafu zenye rangi nyeusi huwa za zamani zaidi, nami nikamweleza kwamba mara nyingi ni unyevu tu. Sikuomba kibunda siku hiyo. Niliona si vizuri kuunganisha radhi na ombi.

Limebaki swali moja ambalo halikujibiwa. Jana nilifungua kibunda nilichokipata katika benki nyingine, nacho kilikuwa na sarafu moja zaidi ya idadi inayotakiwa. Nimehesabu mara tatu. Kama kinachopungua ni hasara yangu, je, kinachozidi ni changu?

---

Mpekuzi wa Vibunda alijibu:

Mimi nimekuwa na daftari la jambo hilo kwa miaka mingi, safu moja ya vinavyopungua na nyingine ya vinavyozidi, na vinavyopungua vimekuwa vingi zaidi siku zote. Sarafu moja iliyozidi katika kibunda ambacho mtu asiyejulikana alikifunga jikoni kwake haina njia ya kurudi kwa mwenyewe, na ukimpelekea keshia utamvuruga hesabu, kwa sababu jioni droo yake itazidi na ziada humsumbua kama upungufu. Ninaiingiza katika mfuko wa kurudisha pamoja na nyingine na kuiandika daftarini.

Lakini kama ulinunua vibunda vitano na nyumbani ukakuta vimo sita, au kibunda kimoja ni cha sarafu ya thamani kubwa kuliko ile uliyoilipia, hilo ni jambo jingine kabisa. Hapo aliyekosea ni keshia aliyekuhudumia, ana jina, na jioni ile atalitafuta kosa hilo hadi giza liingie. Mpigie simu kabla benki haijafunga. Usingoje kesho asubuhi, maana kufikia kesho atakuwa amekwisha kujaza maelezo ya upungufu kwa mkubwa wake.

---

Keshia Mstaafu aliandika:

Ni kweli kuhusu simu. Na ukipiga, mwambie namba ya dirisha na saa iliyoandikwa kwenye stakabadhi yako, ili asilazimike kufungua upya hesabu ya siku nzima.